Rangi ya gita haifichi dosari: Subira ndiyo siri ya kung'arisha gita la kwanza lililoundwa nyumbani

MNAMO Agosti 1963, kijana wa umri wa miaka 16 kwa jina Brian May alianza kuunda gita la umeme akisaidiwa na babake, Harold, nyumbani kwao Feltham, magharibi mwa London, Uingereza.

Magita ya viwandani aliyoyatamani kijana huyo yalikuwa ghali mno kwa familia yake. Hivyo basi, wawili hao waliamua kutumia walichokuwa nacho.

Shingo ya gita waliichonga kutokana na kipande cha mahogani kilichowahi kuwa fremu ya meko ya nyumba kuukuu. Mashimo yaliyotobolewa na wadudu katika kipande hicho waliyaziba kwa vijiti vya kiberiti.

Kiwiliwili kilitokana na mbao za mwaloni za meza nzee pamoja na mbao za kubandikwa kwa gundi, kisha kikafunikwa kwa vinia ya mahogani. Vidoa vyeupe vya kuelekeza vidole kwenye shingo vilichongwa kutoka kwa vifungo vya nguo vya kombe la chaza.

Kazi hiyo ilichukua takriban miaka miwili. Gita lililopatikana, ambalo ulimwengu unalijua kwa jina Red Special, ndilo May alilolipiga katika bendi ya Queen kando ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mnamo 1946. Ndilo pia alilolipiga akiwa amesimama juu ya paa la kasri ya Buckingham mnamo Juni 2002.

Wanaosimulia kisa hicho aghalabu hutaja meko na vifungo. Kinachosahaulika ni kwamba gita hilo halikung'aa kwa sababu ya mashine yoyote ya kiwandani. Lilipakwa vanishi ngumu ya kampuni ya Rustins, aina ambayo mtu wa kawaida angeinunua dukani kwa ajili ya mbao za nyumbani, tabaka baada ya tabaka.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na yeyote anayejaribu kazi ya aina hiyo leo. Siku hizi vifurushi vya vipande vya gita huuzwa kupitia intaneti. Kiwiliwili huja kikiwa kimekatwa, shingo imechongwa na vyuma vyake vimepigiliwa, na vinasa sauti vimeunganishwa na nyaya. Kinachoachiwa mnunuzi ni kuunganisha, kutia rangi na kung'arisha.

Kwa kuwa sehemu nyingine zote ni za kiwandani, mkono wa mwenye gita huonekana mahali pamoja tu, napo ni kwenye rangi. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Wengi wao hudhani kuwa rangi hufunika. La hasha. Rangi inayopenya ndani ya mbao haifichi chochote, hufichua. Mkwaruzo ambao jicho halikuuona jana huwa mstari mweusi leo. Tone la gundi lililopanguswa kwa kidole huwa doa jeupe lisilofutika. Kwa sababu hiyo, uzuri wa gita huamuliwa kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.

Kuunganisha kwanza, rangi baadaye

Hatua ya kwanza haihusu rangi wala msasa. Gita linafaa kuunganishwa lote likiwa bado mbao tupu, litiwe angalau nyuzi mbili za pembeni, kisha likaguliwe.

Sababu ni kwamba shimo lolote linalotobolewa baada ya vanishi kupakwa ni hatari kwa vanishi hiyo. Keekee ikiteleza huacha jeraha, na skrubu inayolazimishwa kuingia huipasua vanishi ikaacha nyufa zinazosambaa kama utando wa buibui.

Jambo kuu la kukaguliwa ni daraja, yaani chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa kiwiliwili. Katika magita mengi yanayofuata mtindo wa Fender, urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 648. Chuma cha 12 kwenye shingo hukaa katikati ya urefu huo, yaani milimita 324 kutoka mahali nyuzi zinapoanzia.

Daraja likikaa mahali pasipofaa, gita hilo halitatoa nota sahihi hata lipakwe rangi ya dhahabu. Vivyo hivyo, nyuzi mbili za pembeni hazina budi kukaa kwa umbali sawa kutoka kingo za shingo. Zikiegemea upande mmoja, marekebisho hufanywa wakati huo, mbao zikiwa tupu, wala si baadaye.

Ukaguzi ukikamilika, kila kitu hufunguliwa. Tundu ambamo shingo hupachikwa hufunikwa kwa utepe wa karatasi ili lisipate vanishi. Tabaka chache za vanishi zinaweza kulifanya tundu hilo kuwa dogo kuliko shingo, na anayeilazimisha shingo iingie huenda akapasua ubao. Katika magita ambayo shingo hubandikwa kwa gundi, tahadhari hii ni muhimu hata zaidi kwani gundi ya mbao haishiki ipasavyo juu ya vanishi.

Ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unaobonyezwa na mpigaji, pia hufunikwa iwapo ni wa mbao nyeusi au za kahawia iliyokolea. Mbao hizo zina mafuta yake ya asili na hazihitaji vanishi. Ule wa mbao nyeupe za mti uitwao mepo huhitaji vanishi kwa kuwa hushika uchafu wa vidole upesi.

Msasa na dosari zilizojificha

Kiwiliwili kinapotolewa kwenye kifurushi huonekana laini, lakini huo ni ulaini wa kudanganya. Mashine za kiwandani huacha alama ndogo ndogo ambazo mwanga wa kawaida hauzionyeshi. Fundi mzoefu huinua kiwiliwili hadi usawa wa macho mbele ya dirisha au taa, mwanga ukipita kwa pembeni, ndipo alama hizo zikaonekana.

Karatasi za msasa hupewa nambari, na kadiri nambari inavyopanda ndivyo chembe zake zinavyokuwa ndogo. Kazi huanza kwa msasa nambari 120 au 150, kisha 180, na hatimaye 220. Kila hatua inanuiwa kufuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia.

Anayeruka kutoka 120 hadi 220 kwa kuona anaokoa muda huacha mikwaruzo mirefu chini ya ulaini, nayo rangi huifuata na kuituama ndani. Aidha, msasa husuguliwa kwa kufuata mistari ya mbao wala si kwa kuikata. Mkwaruzo unaokata mistari hauna mahali pa kujificha.

Kuzidisha ulaini nako kuna madhara. Mbao zilizosuguliwa kwa msasa mwembamba kupita kiasi hunywa rangi kidogo, na matokeo huwa rangi iliyofifia. Ndiyo maana wengi hukomea nambari 220.

Sehemu moja ya kiwiliwili huhitaji zaidi ya hapo. Ni zile kingo ambako mbao zimekatwa kwa upande wa mwisho wa nyuzinyuzi zake. Huko vinyweleo vya mbao ni kama mirija iliyo wazi, na hufyonza rangi mara nyingi zaidi ya upande wa juu. Kingo hizo zikisuguliwa hadi nambari 320 hupunguza kiu hiyo, na rangi hukaribiana kote.

Wenye vifurushi vilivyobandikwa vinia hawana budi kujihadhari. Vinia ya mepo yenye mistari kama mawimbi ndiyo inayowavutia wanunuzi wengi, lakini unene wake aghalabu haufikii milimita moja. Mashine ya msasa inaweza kuimaliza kwa muda mfupi sana, hasa kwenye kingo, na mbao hafifu za chini yake zikajitokeza. Kosa hilo halina dawa. Vinia husuguliwa kwa mkono, kwa kipande cha mbao kilichozungushiwa msasa, polepole.

Dosari inayowaumiza wanagenzi wengi kuliko zote ni gundi. Viwiliwili huundwa kwa kuunganisha vipande viwili, vitatu au zaidi, na gundi inayofinywa nje hupanguswa kisha ikakauka bila rangi. Jicho haliioni. Rangi, hata hivyo, haiwezi kupenya hapo.

Dawa yake ni rahisi. Kitambaa safi hulowekwa spiriti, kiwiliwili chote kikapanguswa. Kwa dakika moja hivi mbao hukolea kana kwamba zimetiwa vanishi, na palipo na gundi hubaki peupe. Mahali hapo hutiwa alama kwa penseli, hukwanguliwa kwa ubapa wa chuma chenye makali, husuguliwa, kisha jaribio likarudiwa hadi weupe wote utoweke.

Kuna hatua nyingine ambayo hupuuzwa. Maji yakigusa mbao, nyuzinyuzi zake husimama na uso ukawa mkavu wa kukwaruza. Rangi nyingi huchanganywa na maji, kwa hivyo jambo hilo litatokea upende usipende. Ni heri litokee mapema. Kiwiliwili hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo, huachwa kikauke kabisa, kisha husuguliwa kwa upole kwa msasa uleule wa mwisho. Rangi ikija baadaye, nyuzinyuzi hazitasimama tena kwa kiasi hicho.

Mbao nazo hutofautiana. Mti wa eshi na ule wa mahogani zina vinyweleo vikubwa vinavyoonekana kwa macho. Anayetaka uso laini kama kioo lazima avijaze kwa kijazio maalum, akisukume ndani kwa kipande cha plastiki na kupangusa kinachobaki. Mepo na alda zina vinyweleo vidogo na hazihitaji kazi hiyo. Kampuni ya Fender ya Marekani ilitumia eshi katika magita yake ya kwanza aina ya Stratocaster ya 1954, na kuanzia 1956 ikageukia alda kwa mengi yake.

Rangi za kuyeyuka na rangi za unga

Rangi za mbao ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza huyeyuka kabisa ndani ya maji au spiriti, mithili ya sukari ndani ya chai. Huingia ndani ya nyuzinyuzi zenyewe na kuziacha zikionekana waziwazi. Ndiyo hupendwa kwa mbao zenye mistari ya kuvutia.

Ya pili ina unga laini usioyeyuka, ambao hukwama ndani ya vinyweleo na mikwaruzo. Hiyo hustahimili jua kwa muda mrefu zaidi, lakini hutia ukungu juu ya mistari ya mbao.

Udhaifu wa rangi za kuyeyuka mbele ya mwanga unajulikana vyema na wakusanyaji wa magita ya kale. Kati ya 1958 na 1960, kampuni ya Gibson iliuza magita ya Les Paul yaliyopakwa rangi ya manjano katikati na nyekundu ukingoni. Wekundu wa mengi yake ulififia baada ya kukaa mwangani, na baadhi yakabaki na manjano ya limau peke yake. Leo magita hayo ni miongoni mwa yanayouzwa kwa bei ya juu kabisa duniani, na kila moja limefifia kwa namna yake.

Kati ya rangi zinazochanganywa na maji na zile za spiriti, mwanagenzi anashauriwa kuanza na za maji. Spiriti hukauka kwa muda mfupi mno, na mkono unaporudi mahali palipokwisha kukauka huacha michirizi. Maji humpa mtu nafasi ya kusawazisha.

Kabla ya yote, rangi hujaribiwa juu ya kipande kingine cha mbao za aina ileile, kilichosuguliwa kwa msasa uleule, na kupakwa vanishi ileile. Rangi iliyokauka bila vanishi huonekana kama vumbi na huwavunja moyo wengi. Vanishi ndiyo huirudishia uhai. Anayehukumu kabla ya hapo huongeza rangi bila sababu na kuishia na gita jeusi.

Rangi ya mviringo wa machweo

Mtindo wa manjano katikati unaogeuka wekundu kisha weusi ukingoni ni maarufu tangu zamani, na unaweza kufanywa kwa vitambaa bila mashine ya kupuliza.

Kiwiliwili kizima hupakwa manjano kwanza. Kabla hakijakauka, wekundu hupakwa kuanzia ukingoni kuelekea ndani, kisha kahawia iliyokolea kwenye ukingo wenyewe. Kitambaa kingine chenye maji matupu hutumiwa kulainisha mpaka kati ya rangi moja na nyingine kwa kuzungusha mkono. Kanuni ni moja: rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata. Kukoleza ni rahisi, kupunguza ni vigumu.

Kwa vinia yenye mawimbi, kuna mbinu ya kuyakuza mawimbi hayo. Mbao hupakwa rangi nyeusi iliyozimuliwa, hukauka, kisha husuguliwa kidogo. Weusi hutoka mahali mbao zilipo ngumu na hubaki zilipo na kiu. Rangi kuu ikipakwa juu yake, mawimbi huonekana kana kwamba yanacheza mwanga unapohama. Lakini hapa tena unene wa vinia ndio huamua ni kiasi gani cha kusugua.

Je, mambo yakienda mrama? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Madoa madogo hufichwa kwa kukoleza rangi yote. Madoa makubwa yanaweza kuhitaji rangi ya kufunika kabisa, na hilo si aibu. Baadhi ya magita ya Fender yanayoenziwa zaidi ya miaka ya 1950 na 1960 yalipakwa rangi za magari za kampuni ya DuPont, zilezile zilizotiwa kwenye milango ya magari ya Marekani.

Vanishi, unyevu na hali ya hewa

Rangi ikikauka kwa siku moja au zaidi, huja zamu ya vanishi. Tabaka la kwanza hupakwa jembamba sana na kwa mkono mwepesi ili lisiburure rangi. Iwapo rangi ni ya maji na vanishi nayo ni ya maji, inafaa kuzitenganisha kwa tabaka la vanishi ya spiriti, la sivyo rangi itayeyuka upya.

Tabaka hilo la kwanza halisuguliwi kwa nguvu. Wengi waliopoteza rangi kwenye kingo za magita yao waliipoteza hapo, kwa kusugua vanishi ambayo ilikuwa bado nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Chaguo la vanishi hutegemea uwezo na subira. Vanishi za mafuta hupakwa kwa kitambaa, hazihitaji mashine na husamehe makosa. Hizo ndizo bora kwa gita la kwanza. Vanishi za poliurethini ni ngumu zaidi, lakini tabaka moja halichanganyiki na jingine, kwa hivyo uso lazima ukwaruzwe kidogo kwa msasa kati ya tabaka.

Laka ya nitroselulosi ndiyo iliyotumiwa na Fender na Gibson katika miaka ya 1950. Kila tabaka lake huyeyusha lililo chini na kuwa kitu kimoja, hivyo hurekebishika kwa urahisi. Fender iliiacha kwa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kugeukia poliesta, ilhali Gibson imeendelea nayo.

Laka hiyo ina adui mmoja ambaye wakazi wa Pwani wanamfahamu vyema, naye ni unyevu hewani. Kimiminika chake kinapokauka upesi hupoza uso wa gita, nao mvuke uliomo hewani hugeuka kuwa maji juu yake, jinsi chupa ya soda baridi inavyotoa jasho. Maji hayo hunaswa ndani ya laka na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa.

Kwa sababu hiyo, anayepaka laka Mombasa, au Nairobi wakati wa mvua za masika, hana budi kuchagua saa. Asubuhi na mapema hewa bado ina umande, na jioni ubaridi hurejea. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndipo kuna nafuu. Kupaka juani nako si suluhu, kwani uso hukauka kabla ya ndani na kutoa mapovu.

Tabaka jembamba mara nyingi ni bora kuliko nene mara moja. Vanishi nene huteremka kwenye kingo na kuganda kama nta ya mshumaa.

Hatari kwa moto na mapafu

Kuna upande wa kazi hii ambao haupaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Tambara lililotumiwa kupaka mafuta ya kitani, au vanishi yoyote ya mafuta ya aina hiyo, linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti.

Mafuta hayo hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Tambara likitandazwa, joto hutawanyika. Likikunjwa na kutupwa kwenye pipa pamoja na mengine, joto hukosa pa kutokea na kuongezeka hadi moto ukazuka saa kadhaa baadaye, wenye nyumba wakiwa usingizini.

Mnamo Februari 23, 1991, moto ulizuka katika jumba la One Meridian Plaza lenye orofa 38 mjini Philadelphia, Marekani. Chanzo kilikuwa matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na waliokuwa wakisafisha mbao. Wazima moto watatu walifariki na jumba hilo halikutumika tena hadi lilipobomolewa.

Ni kwa sababu hiyo matambara hutandazwa nje moja moja hadi yakauke na kukakamaa, au hulowekwa ndani ya maji katika mkebe wa chuma wenye kifuniko. Laka na thina nazo hutoa mvuke unaoshika moto kwa urahisi, kwa hivyo hazifunguliwi jikoni wala karibu na jiko la makaa.

Mapafu pia yanahitaji kulindwa. Vumbi la msasa huhitaji barakoa. Wanaopeleka gita kwa mafundi wa kupuliza rangi za magari wanafaa kujua kwamba zile zinazochanganywa na dawa ya kugandisha huwa na kemikali za isosayaneti, ambazo zimethibitishwa kusababisha pumu kwa wafanyakazi. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga dhidi yake. Kazi hiyo ni ya mwenye kifaa kamili cha kupumulia na mahali pa kazi panapopitisha hewa.

Kungoja ndiyo kazi ya mwisho

Baada ya tabaka la mwisho, gita huonekana limekamilika. Huo ndio wakati mgumu kuliko yote. Vanishi iliyokauka kwa kuguswa bado ni laini ndani. Laka ya nitroselulosi huachwa kwa majuma matatu au manne. Kipimo cha zamani ni pua: kiwiliwili kikinusiwa na bado kina harufu ya thina, hakijakuwa tayari.

Anayeshindwa kungoja hufunga vyuma na kuvipata vimezama ndani ya vanishi, au hulaza gita juu ya blanketi na kuliinua likiwa na chapa ya nyuzi za sufi.

Muda ukitimia, uso husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia nambari 800 au 1000 hadi 2000, maji yakiwa na tone la sabuni. Hapa pia pana mtego. Maji yakiingia ndani ya mashimo ya skrubu, mbao hufura na kupasua vanishi ya kazi ya majuma. Mashimo hayo huzibwa kwanza. Hatimaye dawa ya kung'arishia magari hutumiwa kwa kitambaa laini hadi sura ya mtu ionekane.

Wakati wa kuunganisha, mdomo wa kila shimo hupanuliwa kidogo kwa keekee inayozungushwa kwa mkono ili skrubu isiguse vanishi, nayo skrubu husuguliwa kwenye kipande cha sabuni au nta iingie kwa ulaini. Waya wa ardhini haupaswi kusahauliwa. Lazima uguse chuma cha daraja, la sivyo gita litavuma kila linapounganishwa na kikuza sauti.

Baadhi ya wapigaji huuliza iwapo vanishi itabadilisha sauti. Katika gita lisilo la umeme, uso wa mbao ndio unaotetemesha hewa, na vanishi nene huuzuia. Katika gita la umeme lenye kiwiliwili kigumu, vinasa sauti hufuatilia mtetemo wa nyuzi za chuma zenyewe. Kwa hivyo anayepaka gita lake la kwanza hana haja ya kuogopa kwamba tabaka moja zaidi litaliua.

Anachohitaji kuogopa ni haraka. Brian May na babake walichukua miaka miwili, bila kifurushi wala kipande kilichokatwa tayari, wakaziba hata matundu ya wadudu kwa vijiti vya kiberiti kabla ya kufikiria mng'ao. Gita hilo limepigwa kwa zaidi ya nusu karne mbele ya maelfu ya watu. Wachache kati yao walijua kwamba chini ya wekundu ule kulikuwa na meza nzee.